Nina miezi minne Mombasa, sina hata rafiki wa kwenda naye ufukweni Mama Ngina

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nimetoka Nakuru kuja kufanya kazi ya uhasibu, na sasa natimiza miezi minne hapa Tudor. Kazini ikifika saa kumi na moja kila mtu anakimbilia kwake. Kanisani naingia na kutoka. Jirani wa chini, mama wa Kiislamu, aliniletea mahamri na mbaazi. Nikaosha sahani nikairudisha, yakaishia hapo. Nina kasoro gani?
Mgeni wa Tudor

Marahaba, mwanangu. Kasoro huna, ila ile sahani ilirudi tupu. Huku Pwani sahani ya jirani hairudishwi hivyo, na pengine mwenyewe amedhani hutaki mazoea. Bado hujachelewa. Mpelekee maembe manne au chapati ulizopika mwenyewe. Nyama iache, usimtie mashakani. Nenda siku usiyo kazini, baada ya Alasiri, saa kumi na nusu hivi, si Magharibi watu wakitawadha. Piga hodi, ngoja ukaribishwe, vua viatu mlangoni. Kaa robo saa tu, na umuulize zile mbaazi alizitilia tui jepesi wakati gani, na zito wakati gani. Swali la upishi huzaa “njoo siku nikuonyeshe”. Hapo usiitikie “haya, tutaonana” ukaondoka. Muulize, “Jumamosi asubuhi utakuwa na nafasi?” Karibu isiyo na siku ni adabu tu, na watu wa hapa wana adabu nyingi.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo kazi yako. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria mwaka 2018 kuwa mtu unayemjua juu juu huchukua saa kama 50 za kuwa pamoja hadi awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 hadi awe rafiki wa karibu. Saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito huo. Ukikutana na mtu saa mbili kwa wiki, hizo 50 ni karibu miezi sita. Miezi minne ni nini?

Kwa hiyo usiende Mama Ngina peke yako Jumapili kutafuta marafiki. Pale kila kundi limekuja na watu wake. Tafuta mahali sura zilezile zinarudi kwa ratiba: kwa vile kanisani unakwenda, ingia kwaya. Usikose mazoezi wiki sita kabla ya kuamua. Wiki ya tatu itakukatisha tamaa, maana bado watakuita “dada mgeni”. Chama cha kuchangiana usikimbilie, hata wakikuchangamkia vipi. Pesa na watu usiowajua huleta kesi kabla ya urafiki.

Kazini alika mtu mmoja. Ukialika ofisi nzima, kila mmoja atamtegea mwenzake. Mwambie, “Ijumaa tukitoka naenda Mama Ngina kula viazi karai, saa moja narudi. Twende?” Akijua mwisho wake, kukubali ni rahisi. Akikataa lakini akataja siku nyingine, ishike hiyo. Akikataa mara mbili bila kutaja siku, endelea kumsalimia vizuri, kisha mwalike mwingine.