Akikujibu "labda hawakukusudia"

Dada, umeuliza ufanyeje mumeo wa rangi nyingine anapokujibu "labda hawakukusudia" kila ukimweleza ulivyobaguliwa. Kwanza mwambie unachotaka: "Nisikilize tu, ushauri baadaye." Kisha taja tukio lenyewe: mlinzi alikufuata wewe dukani, yeye akaachwa apite. Ukianza na "nyinyi watu wa rangi yenu", atajitetea na hatasikia kitu. Ukimaliza, arudie alichoelewa kwa maneno yake, umsahihishe. Hapo ndipo wengi hukwama, maana ni rahisi kwa mume kumtetea mtu asiyemjua kuliko kukubali kwamba mkewe ameumizwa ilhali yeye hakuona. Mvumilie, ila usimwachie. Na ndugu zake wakikutania kuhusu rangi au nywele zako, awakanye yeye, palepale mezani. Kukuomba radhi mkishafika nyumbani hakutoshi.