Mkahawa ni Wangu: Je, Ninalazimika Kuwazuia Wateja Wasivute Sigara?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Nina mkahawa hapa Eastleigh, Nairobi: chai ya maziwa, mahamri, wali na nyama. Mimi mwenyewe sivuti, lakini wateja wangu wengi wa jioni huvuta, na visahani vya chai ndivyo wanavyotilia majivu. Maafisa wameshanijia wakinitishia mashtaka, na mmoja wao akadokeza kwamba tunaweza kuelewana. Kodi ya nyumba nalipa mimi, leseni nalipa mimi, na hakuna mtu anayelazimishwa kuingia. Je, mwenye mamlaka ana haki kwa sheria ya dini kuniamrisha ndani ya biashara yangu? Na nikiwaachia wavute, nina dhambi? Mhudumu wangu mmoja ana pumu, ila hajawahi kulalamika.

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, sentensi yako ya mwisho umeiweka kama nyongeza, na kwangu mimi ndiyo swali lenyewe. Nitaifikia. Lakini nianze na haki yako, kwa sababu unayo, na si uadilifu kumjibu mfanyabiashara kana kwamba mali yake ni ya kila mtu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alisema katika Hija ya kuaga kwamba damu zetu, mali zetu na heshima zetu ni haramu baina yetu. Na sisi wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani na hapa Nairobi, tumempa mwenye mali nafasi pana. Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu haya, ameandika katika kitabu chake Minhaj kwamba kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa mtu anaweza kuigeuza nyumba yake, hata ikiwa imezungukwa na makazi ya watu, kuwa bafu la umma au zizi, na duka lake lililo katikati ya wauza nguo akalifanya la mfua chuma. Hiyo ndiyo hoja yako, na imesemwa na mwanachuoni mkubwa.

Sasa soma sharti aliloliweka hapo hapo: iwapo atachukua tahadhari na kuziimarisha kuta. Na kabla ya hapo ameshasema kwamba kila mtu atumie milki yake kwa mujibu wa ada, na akivuka mpaka atalipa fidia ya alichokiharibu. Haki imefungamanishwa na ukuta unaozuia madhara yasimfikie mwingine. Wewe ukuta huo huna. Moshi wa sigara ukishatoka mdomoni mwa mteja wa meza ya mlangoni, unamfikia mama aliyekaa na mtoto meza ya nyuma, unamfikia mpishi, unaingia kifuani mwa mhudumu. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni 1 ni watu wasiovuta kabisa, waliouvuta moshi wa wenzao. Wanachuoni wa zamani waliokhitalifiana kuhusu tumbaku, wengine wakasema ni halali na wengine makuruhu, yaani inachukiza bila kuwa haramu, hawakuwa na elimu hii mbele yao. Mimi nafuata kauli ya uharamu, lakini jawabu lako halitegemei hilo. Hata anayeona sigara ni makuruhu tu, hana ruhusa ya kumvutisha asiyetaka.

Hadithi ya msingi hapa ni ile aliyoipokea Ibn Majah na wengineo: kusiwe na kudhuru wala kudhuriana. Abu Dawud amepokea pia kisa cha Samura bin Jundub, aliyekuwa na mtende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari, yaani wenyeji wa Madina waliompokea Mtume. Kila akiingia kuuangalia, mwenye bustani na watu wake wanaudhika. Mtume akamtaka auuze, akakataa. Akamtaka abadilishane kwa mwingine, akakataa. Akamtaka autoe zawadi na kumtajia malipo yake, akakataa. Hapo akaambiwa, wewe ni mwenye kudhuru, na mwenye bustani akaamriwa aung'oe. Wataalamu wa hadithi wameitilia shaka sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwa hiyo siitegemei peke yake, ila maana yake inakubaliana na asili iliyothibiti: mtende ulikuwa mali halali ya Samura, na umiliki haukumkinga alipong'ang'ania kudhuru.

Unasema hakuna anayelazimishwa kuingia. Kwa mteja, kauli hiyo ina uzito kidogo, maana Eastleigh mikahawa haikosekani. Kwa mhudumu haina uzito wowote. Yeye analazimishwa na kodi ya chumba, na nauli, na pesa za kutuma nyumbani mwisho wa mwezi. Umesema hajalalamika. Ndugu yangu, kijana mwenye pumu katika mji huu, anayejua kuna wengine kumi wanaoitaka kazi yake, atalalamika kwa nani? Mwangalie anapoinama kukusanya vile visahani vyenye majivu mezani, uso wake ukiwa katikati ya moshi wa watu wanne. Kunyamaza kwake si ridhaa. Na hata angeridhia kwa ulimi wake, mwili ni amana, na mshahara unanunua kazi yake, haununui mapafu yake. Mwenyezi Mungu anasema, "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo." Ikiwa mtu hana ruhusa ya kujitia mwenyewe, wewe huna ruhusa ya kumtia.

Kwa hiyo ndiyo, ukiwaachia hali unaweza kuwazuia, una dhambi, na kubwa yake ni ya huyu kijana.

Ama mamlaka: fukahaa, yaani wanachuoni wa sheria, wa Kishafii walishaliandika jambo hili kwa jina lake. Sheikh Nawawi al-Jawi, ambaye si yule Imam Nawawi wa Minhaj, katika kitabu chake Nihayatuz-Zain, anataja kwamba naibu wa Sultani alitangaza huko Misri watu wasivute tumbaku njiani na katika mikahawa, na akasema waliokhalifu ni waasi, isipokuwa aliyevuta nyumbani kwake, kwa kuwa tangazo halikuigusa nyumba. Tazama walivyopima: nyumbani ni kwako, mkahawa ni mahali pa watu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 imepita karibu na mpaka huo huo, na anayevuta hadharani anaweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi 6. Utasema serikali yetu si ya Kiislamu. Ni kweli, lakini leseni uliichukua kwa masharti, na Waislamu hushikamana na masharti yao maadamu hayahalalishi haramu. Sharti hili linakuzuia dhuluma.

Sheria hiyo inaruhusu sehemu maalum ya kuvutia, iliyotengwa na kuzibwa, yenye njia yake ya hewa. Ukiweza gharama, kisheria ni sawa. Mimi sikushauri, kwa sababu atakayepeleka chai ndani ya chumba hicho ni mhudumu yule yule.

Huyo afisa aliyetaka mwelewane, usimpe hata senti. Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Na naungana nawe katika uchungu huo, kwa sababu sheria njema ikigeuzwa mtego wa kuwakamua wenye biashara ndogo, hiyo ni dhuluma juu ya Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Dawa yake ni kumnyima sababu: ondoa visahani vya majivu, bandika tangazo mlangoni, waambie wahudumu wamwombe mteja kwa adabu atoke nje. Ukiona kanuni yoyote inakuonea, mahakama ipo. Kampuni kubwa ya tumbaku ilizipinga kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014 hadi Mahakama ya Juu, ikasikilizwa, na Novemba 2019 ikashindwa. Ikiwa wao walisikilizwa, nawe una mlango huo.

Kuhusu hofu ya kupoteza wateja wa jioni, baadhi watahama, sitakuficha. Wapo pia wanaopita mlangoni pako na watoto wao wakaghairi kuingia kwa sababu ya harufu, na hao hujawahi kuwahesabu. "Na anayemcha Mwenyezi Mungu humtengezea njia ya kutokea, na humruzuku kwa jinsi asiyotazamia."

Yaliyopita, omba maghfira. Ila haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake. Mwite huyo kijana faraghani, umwombe radhi, na umuulize amekuwa akitumia kiasi gani kununua dawa ya pumu tangu aanze kazi kwako. Gharama iliyozidi kwa sababu ya moshi wa mkahawa wako, mrudishie.

Wallahu a'lam.