Dada wa mtaa wa Umoja, anza polepole

Dada yangu, umeuliza kwa nini wenzako kazini wameshika kukimbia, na kama wewe wa miaka 38 na watoto wawili utapata lolote zaidi ya uchovu. Mimi nilianza baada ya kujifungua mara ya pili, wala si kwa ajili ya kupunguza mwili. Nilitaka nusu saa ambayo hakuna anayeniita mama.

Wiki za mwanzo ni ngumu, sikufichi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo utahema sana. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mpaka dakika 20 ziishe. Ukiweza kuongea huku unakimbia, mwendo ni sawa. Baadaye utaanza kulala fofofo, na mawazo ya karo na kodi ya nyumba yatapungua makali. Kuna siku nimekimbia nikilia, nikarudi nyumbani mwepesi kabisa.

Jirani anayekuambia mwanamke aliyezaa hakimbii, mkumbushe Faith Kipyegon: alijifungua 2018, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2021 na tena 2024.

Usikimbie gizani peke yako, tafadhali. Jumamosi asubuhi nenda Karura, msitu alioupigania Wangari Maathai. Utakuta akina mama wa kila umri. Na kabla ya viatu vya bei, nunua sidiria ya michezo inayokushika vizuri. Viatu vya mitumba vya soko la Gikomba vitakutosha, mradi soli haijalika.