Ukicheka, Sema Umecheka Wapi: Kwa Wasomaji wa Manga za Mizimu na Vichekesho

Sura mpya ya manga (katuni za Kijapani) ya vichekesho vya mizimu ikitoka, maoni ya mashabiki huja kwa mafungu yale yale. Wapo wanaosema "nimecheka sana" wakaishia hapo. Wapo wanaobishana kati ya tengu, zimwi wa milimani mwenye mabawa, na mbweha wa mikia tisa nani zaidi. Na wapo wanaolalamika kwamba hadithi haisogei: sura nzima imepita na mzuka wa bafuni bado anatafuta sabuni yake. Nimezisoma manga hizi kwa miaka, nazipenda kwa dhati, na kila ninapomkaribisha mtu mpya humo huanza na ushauri mmoja: ukicheka, sema umecheka wapi.

Hutakiwi kuandika uchambuzi. Taja tu kisanduku chenyewe, yaani ule mchoro mmoja ndani ya fremu yake. Tuseme mchoraji kamleta kappa shuleni, mwanafunzi mgeni. Kappa ni kiumbe wa mtoni katika masimulizi ya Japani, mwenye gamba mgongoni na kisahani cha maji utosini. Nguvu zake zimo kwenye yale maji. Yakimwagika, kwisha habari yake. Lakini ana adabu kupita kiasi, ukimwinamia kwa salamu hawezi kukuacha hivi hivi, lazima naye ainame. Basi mwalimu anainama. Kisanduku kinachofuata hakina neno hata moja: kappa kakodoa macho, shingo imekakamaa, tone moja la maji linaning'inia ukingoni mwa kisahani. Halafu darasa zima linasimama na kuinama kwa pamoja.

Asiyejua habari ya maji yale anaona kiumbe wa kijani mwenye haya. Anayejua, mbavu hana. Shabiki akisema "lile tone limenimaliza," mwenzake ambaye hakuelewa atauliza, ataelezwa, na atarudi kuisoma sura upya. Nimeona watu waliokuwa karibu kuiacha manga wakinogewa kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kusema sura haichekeshi, mtafute kwanza yule kiumbe ni nani. Mara nyingi utani umejificha kwenye asili yake. Oni, lile shetani la masimulizi ya Kijapani, kwa mfano, huchorwa na pembe za ng'ombe na nguo ya ngozi ya chui milia, kwa sababu upande wa kaskazini-mashariki, unaoaminiwa kuwa mlango wa mashetani, katika dira ya zamani ni upande wa ng'ombe na chui milia. Vyombo vya nyumbani navyo husimuliwa kwamba vikifikisha miaka 100 hupata roho. Ndiyo maana unakutana na mwavuli wenye jicho moja ukirukaruka kwa mguu mmoja. Na usidhani kucheka na viumbe hawa ni jambo la juzi. Mchoraji wa Kijapani Toriyama Sekien alianza kuchapisha vitabu vyake vya michoro ya mazimwi mwaka 1776, na baadhi ya mazimwi yake aliyabuni mwenyewe kwa kucheza na maneno.

Jambo jingine ni namna ya kusoma. Manga ya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mchoraji mzuri huweka swali kwenye kisanduku cha chini kabisa, pembe ya kushoto, ili jibu ulikute ukifungua ukurasa. Mlango unagongwa; unafungua ukurasa; aliyesimama nje ndiye marehemu aliyezikwa sura iliyopita, ana begi la nguo, anaomba chumba cha kupanga. Ukipitisha kurasa mbiombio kwenye simu, pigo hilo linakupita. Ilaze simu uone kurasa mbili kwa pamoja, na usiwe na pupa.

Sasa lile lalamiko la hadithi kutosogea. Sikubaliani nalo, na husema hivyo waziwazi. Manga nyepesi haina deni la kugeuka kuwa ya vita. Mchoraji Takahashi Rumiko alianza manga yake ya vichekesho, Urusei Yatsura, mwaka 1978 na kuimaliza 1987, juzuu 34 za msichana wa kioni kutoka sayari nyingine, majirani wa ajabu na mapenzi yasiyotulia, na watu hawakuichoka. Wanaomshinikiza mchoraji alete adui mkuu na mashindano ya nguvu wanaomba manga nyingine kabisa, na zipo tele, wazisome hizo.

Nalisemea hili kwa ukali kidogo kwa sababu maoni ya wasomaji yana uzito. Jarida la Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, huwaomba wasomaji wake wachague hadithi tatu walizozipenda katika kila toleo, na hadithi inayokosa kura huweza kukatishwa kabla haijajaza hata juzuu tatu. Vichekesho huumia hapo upesi: msomaji anacheka, anafunga jarida, kisha anaipigia kura ile hadithi iliyomwacha roho juu.

Kuhusu kumwaga mtama, wengi hujizuia kutaja nani kafa, lakini utani wanaumwaga bila kufikiri. Mimi naona ni kinyume. Ukiambiwa mapema kwamba fulani atakufa, bado utalia. Ukiambiwa mapema nani yuko nyuma ya mlango, hucheki tena. Usitume picha ya kile kisanduku siku ile ile sura ilipotoka. Wape wenzako nafasi wakifikie wenyewe.

Na soma kwenye njia halali pale zilipo. Shueisha, wachapishaji wa Jump, walifungua MANGA Plus, huduma ya kusoma manga mtandaoni, mwaka 2019, na kwa hadithi nyingi humo unasoma bure sura za mwanzo na za karibuni, kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Kila sura ina sehemu ya kuacha maoni. Andika hapo mstari mmoja, umtaje yule mhusika mdogo asiyetajwa na mtu, yule mzimu wa kabatini anayetokea nyuma ya kila picha bila kusema kitu.