Programu huria zina faida gani tena kwenye simu?

SWALI: Mhariri, tunaambiwa Android ni programu huria, na programu ninazotumia nazipata bila malipo Play Store. Hata hivyo, simu yangu imeacha kupokea masasisho ilhali bado ni nzima. Uhuria huo unanifaa nini? – Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Unakufaa, ndugu msomaji, na masasisho hayo ndiyo mahali pa kuanzia. Kiini cha Android ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na msimbo wa msingi wa Android, yaani maandishi yanayoiunda, hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza; hiyo ndiyo maana ya huria. Kwa sababu hiyo, mtengenezaji anapoitupa simu yako, watu wa kujitolea wanaweza kuiendeleza, kama wanavyofanya wale wa LineageOS, mfumo wa simu uliojengwa juu ya msimbo huo wa Android, tangu mwishoni mwa 2016. Play Store yenyewe na huduma za Google zinazoandamana nayo si huria, ingawa programu nyingi huzitegemea hata kwa kuleta arifa tu.

Kikwazo kikubwa ni kufuli ambalo mtengenezaji huliweka ili simu isiwake kwa mfumo mwingine. Baadhi ya kampuni hukataa kabisa kulifungua, nami naona huko ni kumnyima mnunuzi haki ya kitu alichokilipia. Tazama kwanza kama aina ya simu yako imo katika orodha ya LineageOS. Ikiwa imo, hifadhi picha na namba zako kwingine, kwa kuwa kufungua kufuli kwa kawaida hufuta kila kitu, tena ujue kwamba baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyobadilishwa. Ikiwa simu ni ya mkopo, usiiguse kabla ya kumaliza deni.

Usipotaka kubadilisha mfumo, pakua F-Droid, duka la programu huria pekee. Humo utaipata OsmAnd, ambayo ukishapakua ramani ya Kenya hukuongoza bila bando, ikitumia ramani za OpenStreetMap ambazo mtu yeyote anaweza kuzichangia. Vijana wa Kibera walizichangia mwaka 2009 kupitia mradi wa Map Kibera, wakapita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiandika vyoo, zahanati na sehemu za kuteka maji, wakati ambapo ramani nyingi zilikuwa hazionyeshi chochote pale. Ukikuta kichochoro cha kwenu Umoja hakimo, unaweza kukiongeza mwenyewe kwa simu hiyo hiyo.