Re: "You should to fill in it" ina kosa gani?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini mwalimu alikata "You should to fill in it". Kagua kwanza neno linalofuata should: liwe kitenzi kitupu, bila to, bila -ed. Can, must na might vilevile.

La pili ndilo linalotusumbua wengi hapa Kampala. It, them, me hukaa katikati, kati ya kitenzi (fill) na kijineno chake (in): "You should fill it in." Ukiitaja fomu yenyewe, "fill in the form" na "fill the form in" zote sawa. Ila "look after" haigawanyiki kabisa: "You must look after them."

Ukipanda teksi ya Jinja, mwambie kondakta: "Can you drop me off at Mukono?" Me iko palepale katikati.