Droni na bodaboda

Umeuliza kama droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, zitawaondoa bodaboda barabarani. Hapana ndugu yangu, si kwa mizigo ya kawaida. Tazama Rwanda: tangu 2016 kampuni ya droni ya Zipline inarusha damu kutoka kituo chake cha Muhanga kwenda hospitali za milimani. Ndege yenyewe haitui hospitalini. Inashuka kidogo, inaachia boksi lenye parachuti ya karatasi, inageuza kurudi kituoni. Ila inabeba chini ya kilo mbili tu! Kwa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, mifuko miwili mitatu inaweza kumwokoa. Kwa gunia la unga haisaidii, na bado kuna vikwazo vya vibali vya kuruka angani na mvua kubwa. Serikali zetu zianze na zahanati za mbali, maduka yasubiri.